Kutoka 4H kwenda 4L gari ikiwa inatembea: tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Naomba tuiongelee hii leva ndogo ya pembeni, maana wengi tunanunua gari za fowili tunaijua 4H basi (magurudumu yote manne, mwendo wa kawaida), ile 4L (yote manne, mwendo wa polepole wenye nguvu nyingi) mtu anaigusa siku kakwama na hapo ndo anapoharibu. Naanza na yangu.

Nilikuwa na pikapu ya dizeli, manyuali, transfa (boksi la gia la pili, linalopeleka nguvu mbele na nyuma na kubadili H na L) ya leva ya mkono. Mbele kuna mlima wa mawe yaliyolegea, natembea kama 20 hivi, nikawaza nikisimama hapa siondoki tena, nikakanyaga klachi nikavuta leva kutoka H kwenda L. Ule mlio mpaka leo naukumbuka, krrrrrr ya chuma kwa chuma, leva inatetemeka mkononi mpaka kiwiko kinaisikia. Haikuingia. Nikalazimisha, ikaingia kwa kishindo, gari ikashtuka kama imegonga kisiki, nikapanda. Miezi kadhaa baadae nashuka mteremko na L, nimeachia mafuta, injini ndo inashikilia gari, ghafla paa! leva imejichomoa imerudi N (huru, haijashika gia yoyote) na gari inaanza kukimbia. Fundi alikuta nini nitasema, ila kwanza nataka kusikia wenzangu. Nani anabadili gari ikitembea, na anafanyaje?

---

Pole mkuu. Shida yako ni uelekeo. Kutoka L kwenda H ukitembea inawezekana, kutoka H kwenda L kwa mwendo huo ni kuivunja gari. Mimi nimevuta trela na Land Rover Defender miaka mingi. Ukiwa na mzigo mzito kwenye mlima unaondokea L ili klachi isiungue, halafu ikishashika mwendo unahamia H bila kusimama, maana ukisimama umerudi mwanzo.

Transfa yake ni LT230, haina sinkronaiza (kile kinacholinganisha mizunguko ya gia kabla hazijashikana) kati ya H na L, kwahiyo inataka dabo klachi. Niko gia ya nne ya L, gari inatembea vizuri. Klachi chini, leva ya transfa mpaka N, naachia klachi, naachia mafuta, nasubiri injini ishuke mpaka sailensa (mzunguko wa chini kabisa), klachi chini tena, leva inaingia H kama kisu kwenye siagi, kwenye gia boksi naweka ya pili au ya tatu, naachia klachi. Gia ya nne ya L kwenye hiyo gari iko karibu sawa na ya pili ya H, sababu uwiano wa L ni 3.32 kwa 1 (shafti inaingia mara 3.32 kutoa mzunguko mmoja) na H ya Defender nyingi ni 1.41. Ukisikia mkwaruzo hata kidogo rudisha N anza upya, usisukume. Mimi nilijifunzia tambarare bila trela, wiki nzima kila jioni, mpaka mkono ukajua wenyewe.

---

Samahani naomba kuuliza, kama klachi imekanyagwa si injini imeshatengana na magurudumu, sasa kinachoharibika kutoka H kwenda L ni nini?

---

Swali zuri sana hili, na watu wengi wanadanganyika hapo hapo. Klachi ukiikanyaga injini ndo imepona, ila ile sahani ya klachi yenyewe bado imeungana na gia boksi, na gia boksi imeungana na transfa, na transfa na magurudumu. Magurudumu ndo yanaizungusha.

Piga hesabu na mimi. Gari iko 60, gia ya nne ambayo ni moja kwa moja (mzunguko mmoja kwa mmoja), injini inazunguka 2,000 kwa dakika. Ukiingiza L yenye uwiano wa 2.5 kama Land Cruiser nyingi za 70, gia ile ile sasa inataka 5,000, na dizeli nyingi hapo zimeshapita mstari mwekundu. Sasa mtu kachanganyikiwa, kaweka na gia ya kwanza kabisa yenye uwiano wa kama 4, ile sahani inataka kuzunguka 20,000. Haikutengenezwa kwa hilo. Bitana zinapasuka, vipande vinatoboa nyumba ya klachi, na miguu yako iko hapo hapo nyuma yake. Wrangler Rubicon ndo usiseme, L yake ni 4 kwa 1.

---

Mimi dada yenu nina kisa cha kusimama sio cha kutembea lakini naomba mkisome, nilinusurika.

Gari otomatiki, niko kwenye mteremko, nimesimama nimekanyaga breki, nimeweka N, navuta leva ya transfa kwenda L. Ikagoma katikati. Nikasema ngoja niweke P nichungulie hii leva imekwama wapi, nikaweka P, nikatoa mguu. Gari ikaanza kurudi nyuma. Niko P! Naangalia mkono wa gia uko P kabisa, na gari inarudi, na kaka yangu yuko nyuma anaokota mawe ya kuweka kwenye tairi. Nikavuta hendibreki kwa mikono miwili huku napiga honi, ikashika tairi ikiwa hatua mbili kutoka alipokuwa ameinama.

Nilikuja kuelewa baadae kwamba P inafunga shafti ya gia boksi tu. Transfa ikiwa N imekata mawasiliano kati ya gia boksi na magurudumu, hata uzime injini uache kwenye gia ya kwanza, gari iko huru kama baiskeli. Hendibreki ndo inabaki, maana yenyewe inashika upande wa magurudumu. Jamani hendibreki kwanza, kwenye mlima leva ya transfa haiguswi kabla ya hendibreki, na mtu asikae nyuma ya gari.

---

Dada pole sana, hiyo ni kubwa. Naongezea kuhusu otomatiki kugoma: ukiweka N injini ikiwa inawaka, mafuta ndani ya konveta (inayochukua nafasi ya klachi kwenye otomatiki) bado yanaburuza shafti kidogo, kwahiyo meno ya transfa hayatulii. Na ukiwa umesimama kabisa inaweza ikatokea jino limeangaliana na jino, haliingii. Ndo maana kitabu cha Jeep Wrangler kinasema gari iwe inabingirika 3 mpaka 5 km kwa saa, imewekwa N au klachi imekanyagwa, halafu vuta leva kwa mkono mmoja usiositasita. Huo ni mwendo wa mtu anatembea kwa miguu, polepole. Toyota wao wanataka usimame kabisa. Soma kitabu cha gari YAKO, usifate cha jirani.

---

Za kubadili H na L kwa kitufe je? Yangu nikizungusha swichi taa ya 4L inapepesa tu.

---

Inapepesa maana mota haijamaliza kusukuma, au wewe hujatimiza masharti (simama, weka N). Usiondoke mpaka itulie. Zipo za kubadili ukitembea kweli, Mercedes G-Class ya 2018 inakubali kwenda L mpaka 40 na kurudi H mpaka 70, ila hapo kompyuta ndo inalinganisha mizunguko kwanza. Usimuone mwenye hiyo ukajaribu na pikapu yako.

Na L ikigoma kutoka baada ya kutembea kwenye lami kavu, usipigane na leva. Shafti zimejikaza kwasababu mbele na nyuma zimefungwa pamoja na ulikata kona. Nyoosha usukani, rudi nyuma mita mbili tatu, utasikia "tak", leva inalainika.

---

Wakuu nimejifunza mengi, dada yangu kisa chako nimekisoma mara mbili na nimempigia mwanangu nikamsomea kwenye simu, nayeye gari yake ni otomatiki.

Sasa fundi. Alimwaga oili ya transfa kwanza, ilikuwa na vumbi linalong'aa kama rangi ya fedha, ukisugua kwa vidole unasikia chenga. Alipofungua akanipa ile ringi inayoteleza kati ya H na L nishike. Meno ya upande wa H makali, yana kona. Ya upande wa L yameviringika kama kokoto za mtoni, ndo maana injini ikishikilia gari kwenye mteremko yanateleza nje. Tulibadilisha ringi na gia yake pamoja, maana ukibadilisha moja ile nyingine inaila mpya. Siku hizi mlima nikiuona kwa mbali nasimama tambarare, hendibreki, N, naingiza L ikiwa bado chini, halafu ndo nauanza.