Ushauri: tunatafuta mshauri elekezi wa nishati safi na udhibiti wa moshi kiwandani, tusirudie kosa la kwanza

Mlezi wa Boila (mwanzisha uzi)

Habari za wakati huu wakuu.

Nasimamia kitengo cha ufundi kwenye kiwanda cha nguo. Mvuke wa kutia rangi na kukaushia vitambaa unatoka kwenye boila tatu: mbili zinakula mafuta mazito, moja makaa ya mawe. Moshi wote unakutana kwenye dohani moja. Ukuta wetu wa nyuma umepakana na shule ya msingi, na alfajiri boila zikiwashwa masizi yanatua madarasani. Nilikwenda mwenyewe, nikapitisha kidole juu ya dawati, kikatoka cheusi. Tangu siku hiyo siwezi kulichukulia jambo hili kama karatasi za mamlaka ya mazingira tu.

Miaka miwili iliyopita uongozi ulimleta mshauri elekezi. Alishinda nasi siku moja, akapiga picha, akaomba michoro, kisha akatuletea ripoti nene inayopendekeza chujio la mifuko kwa boila ya makaa. Tukanunua kwa muuzaji aliyetuelekeza yeye. Mwezi wa nne boila ikaanza kukosa pumzi, moshi ukawa unatokea mlango wa kutilia makaa badala ya kupanda juu. Nilipofungua chumba cha chujio nikakuta mifuko ya chini imegandwa na tope la majivu, na ya juu imekakamaa. Nilipouminya mmoja ukapasuka mkononi kama karatasi kavu. Ilikuwa ya poliyesta. Tukaweka kipimajoto kwenye bomba la kuingilia mchana, kikasoma nyuzi 170. Mshauri akasema kazi yake ilikuwa kushauri, si kufunga. Muuzaji akasema alileta kilichoandikwa kwenye ripoti. Hasara ikabaki kwetu, na masizi yakabaki kwa watoto.

Sasa bodi imekubali tuanze upya, na safari hii wanataka pia tuachane na mafuta mazito. Mezani kuna mapendekezo matatu: kampuni kubwa yenye wasifu wa wataalamu wengi na bei ya juu, mhandisi mmoja anayejitegemea, bei yake ndogo sana, na kampuni inayouza vichujio na vichomeo, ambayo inasema ushauri tutaupata bure tukinunua kwao.

Nitamjuaje anayeijua kazi kweli? Hadidu za rejea niziandike vipi ili mtu asiweze kuponyoka? Na hilo la bure mnalionaje?

Mpanda Dohani

Pole sana mkuu. Mimi kazi yangu ni kupima moshi, kwa hiyo nianze na swali: yule mshauri wa kwanza alipanda dohani? Kwa maelezo yako hakupanda, wala hakuchomeka hata kipimajoto. Hapo ndipo mlipoanza kuumia.

Chujio lako liliuawa mara mbili. Alfajiri boila ikiwa baridi, unyevu uligeuka maji ndani ya chumba na majivu yakawa tope. Mchana joto likapanda. Poliyesta haifai kufanya kazi mfululizo juu ya nyuzi 130 hivi. Kuna mifuko ya aramidi inayovumilia karibu nyuzi 200, na ya nyuzi za kioo au PTFE inayokwenda hadi 250 hivi. Mtu aliyepima joto la saa 24 asingeandika poliyesta. Na asikudanganye mtu kwamba dawa ni kupoza moshi: moshi wenye salfa ukishuka chini ya nyuzi 120 hadi 150, kutegemea wingi wa salfa na unyevu, asidi ya salfuriki inakuwa umande na kula chuma.

Waulize wote watatu swali moja: vumbi mtalipimaje? Anayejua atakwambia habari ya aisokinetiki, yaani kuvuta sampuli kwa kasi ileile ambayo moshi unapita nayo bombani. Ukivuta polepole au haraka kuliko hapo, chembe kubwa zinakuingia kupita kiasi au zinakupita, na jibu linakuwa la uongo. Akikuonyesha kile kifaa cha mkononi cha kusoma gesi na kusema kinatosha, mshukuru umuage. Kile kinasoma gesi, vumbi hakilijui.

Muulize pia tundu la kupimia atalitoboa wapi. Kanuni inayotumika sana ni sehemu iliyonyooka, umbali wa kipenyo mara 8 baada ya kona na mara 2 kabla ya kizuizi kinachofuata. Kama bomba halina urefu huo, aseme ataongeza nukta ngapi za kupimia.

Halafu oksijeni. Hapa wengi wanafichwa ukweli. Ukiingiza hewa safi kwenye bomba, vumbi linaonekana dogo bila hata punje moja kupungua. Tuseme kipimo kimetoa miligramu 60 kwa mita ya ujazo, oksijeni ikiwa asilimia 14. Kwa makaa ya mawe mara nyingi jibu hurudishwa kwenye oksijeni ya asilimia 6. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi: 21 toa 6 ni 15, 21 toa 14 ni 7. 60 mara 15 gawanya kwa 7, unapata karibu 129. Ripoti isiyotaja oksijeni usiipokee. Na maabara itakayopima vichujio vya sampuli, vile vilivyonasa vumbi wakati wa kupima, iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kwa kipimo hichohicho, si cheti cha jumla cha kutundika ukutani.

Nuru ya Kichomeo

Kaka, msinunue chujio lolote kabla ya kuamua mtachoma nini. Nimeona viwanda vikifunga chujio la makaa, mwaka unaofuata wanahamia gesi, chuma kile kinabaki kimesimama bila kazi. Hadidu za rejea zitenganishe hatua: kwanza mahitaji ya mvuke, pili nishati, tatu udhibiti wa moshi utakaobaki.

Hatua ya kwanza wengi wanairuka. Mabomba yasiyovikwa, mitego ya mvuke (vali za kutoa maji bila kuachia mvuke) iliyokwama wazi, maji ya moto yanayomwagwa badala ya kurudi kwenye boila. Mvuke ambao hukuutengeneza hauna moshi.

Kwenye nishati, mdai akuonyeshe hesabu ya uzito na nafasi pia, si bei pekee. Kilo moja ya mafuta mazito ina megajuli 40 hivi, gesi ya mitungi karibu 46, vipande vya mbao vilivyoshindiliwa karibu 17. Maana yake tani moja ya mafuta mazito inadai zaidi ya tani mbili na robo za vipande vya mbao, na vinataka ghala kavu. Na kuni zilizoshindiliwa zina salfa kidogo sana, lakini vumbi bado zinatoa. Mtu akikwambia ukihamia mbao huhitaji chujio, bado hajajifunza.

Gesi nayo ina mambo yake. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini na kujaza mashimo na mifereji; vitambuzi vyake vinafungwa karibu na sakafu. Gesi asilia ni nyepesi, inapanda juu ya paa. Mshauri asiyekuuliza mifereji ya chumba cha boila inapita wapi asiguse gesi yako.

Mama Wawili

Naomba niseme moja tu kuhusu hao watoto. Masizi mnayoyaona kwenye dawati ni chembe kubwa. Zinazoingia ndani kabisa ya mapafu ni zile laini, PM2.5, yaani chembe zisizozidi mikroni 2.5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), hazionekani kwa jicho. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Tafadhali mkapime na shuleni, msiishie kwenye dohani.

Mpanda Dohani

Asante dada, umenikumbusha. Mkuu, ukipewa pendekezo la saikloni peke yake, yaani chombo kinachozungusha moshi ili vumbi zito lidondoke, kumbuka maneno haya. Saikloni inakamata vizuri chembe zinazozidi mikroni 10 hivi. Dawati litang'aa, kila mtu atafurahi, na zile laini zitaendelea kuvutwa na watoto kama zamani.

Mzee wa Zabuni

Nimesimamia manunuzi ya washauri kwa muda mrefu, niongee upande wa karatasi.

Hakuna ushauri wa bure. Anayeuza vichujio akija kupima atagundua kwamba unahitaji chujio. Simlaumu, ndiyo biashara yake. Benki ya Dunia na wafadhili wengine wakubwa wana kanuni inayosema aliyeandaa ushauri wa mradi haruhusiwi kuuza vifaa vya mradi huohuo, na wewe unaweza kuiandika hata kama fedha ni zako. Ongeza tamko la maandishi kwamba mshauri hapokei kamisheni kwa muuzaji yeyote. Kosa lenu la kwanza lilianzia kwenye lile neno "nunua kwa fulani".

Tumia bahasha mbili. Fungua ya kitaalamu kwanza, toa alama, asiyefikisha kiwango mlichopanga mapema bahasha yake ya bei irudi ikiwa imefungwa. Kwa kazi kama hii uzito wa 80 kwa ubora na 20 kwa bei unafaa. Mshauri akikosea, mtalipa chuma, ufungaji na miezi ya kusubiri, kwa hiyo msibishane sana juu ya ada yake.

Ile kampuni kubwa ichunguzeni kwa jina la mtu. Wasifu wa mtaalamu wa miaka 25 unashinda zabuni, halafu anayekuja ni kijana aliyemaliza chuo juzi. Mkataba utaje majina ya wataalamu wakuu na siku watakazokuwa eneo la kazi, na kumbadilisha mtu kuwe kwa idhini yenu ya maandishi.

Malipo yafuate kazi iliyokamilika: ripoti ya vipimo, usanifu wa awali, nyaraka za zabuni ya vifaa, usimamizi wa ufungaji. Sehemu ya mwisho isilipwe hadi jaribio la utendaji lifaulu, na jaribio hilo lifanywe na mpimaji mwingine, si mshauri wala muuzaji. Na awe na bima ya dhima ya kitaaluma, uione hati yenyewe na tarehe yake.

KD_77

Mzee nakuheshimu ila hapo kwa muuzaji umekaza mno. Sisi tulimtumia muuzaji moja kwa moja, chujio linafanya kazi vizuri mwaka wa tano huu. Anayetengeneza kitu anakijua kuliko mshauri anayesoma katalogi.

Mzee wa Zabuni

Mdogo wangu, hilo sikatai, na ndiyo maana usanifu wa ndani wa chujio umwachie muuzaji. Ninachomkatalia ni kujiwekea shabaha mwenyewe. Mshauri aandike: moshi unaoingia una joto hili, vumbi hili, salfa hii, na unaotoka usizidi kiasi hiki. Muuzaji asaini dhamana ya kufikia hapo. Bila dhamana hiyo ndiyo yanakuja yale ya "mimi nilileta kilichoandikwa". Mlifanikiwa, nafurahi, lakini mwenzetu ameshaungua mara moja.

Mlezi wa Boila

Nimerudi wakuu, na nawashukuru kwa dhati.

Nimewapigia wote watatu na swali la Mpanda Dohani. Muuzaji akasema vumbi atalikadiria kutoka kwenye jedwali la makaa. Kampuni kubwa wakajibu vizuri, lakini nilipouliza kama yule mtaalamu wa kwenye wasifu atakuja mwenyewe, wakasema atakuwa "anasimamia kwa mbali". Yule mhandisi wa peke yake akaniuliza boila tunawasha saa ngapi. Nikamwambia saa 11 alfajiri. Kesho yake nikamkuta getini saa 10 na nusu na kipimajoto chake, akakaa hadi zamu ya usiku ikaingia. Ila aliniambia wazi kwamba gesi si fani yake na hatasaini michoro ya gesi.

Hilo la mwisho ndilo linanipa wasiwasi. Nimwache?

Nuru ya Kichomeo

Usimwache hata kidogo! Anayekuonyesha mpaka wa ujuzi wake ni wa kuaminika kwenye kile alichosema anakijua. Mwambie aungane na mhandisi wa gesi aliyesajiliwa, waje kwa mkataba mmoja, mmoja wao akiwa kiongozi anayewajibika kwenu kwa kazi yote. Bei itapanda, iacheni ipande.

Mzee wa Zabuni

Naunga mkono. Ila bahasha zifunguliwe kwa haki: na ile kampuni kubwa muipe nafasi ya kumleta mtu wake mwenyewe, kwa masharti yaleyale. Andika kila kitu.

Mlezi wa Boila

Kampuni kubwa tumewaandikia, wakashikilia kwamba mtaalamu wao hatoki ofisini. Tumeendelea na mhandisi, ameungana na mtu wa gesi mwenye usajili. Kipengele cha vipimo nimekiandika hivi, naomba mnikosoe:

"Mshauri atapima joto, mtiririko, oksijeni, vumbi, dioksidi ya salfa na oksidi za naitrojeni kwenye kila boila kabla ya kuunganika na dohani ya pamoja, boila zikiwa kwenye mzigo kamili na nusu ya mzigo. Vipimo vya vumbi vitarudiwa mara tatu kwa kila hali."

Mpanda Dohani

Kizuri, hasa hapo pa kila boila peke yake; mkipima dohani ya pamoja tu hamtajua nani anachafua. Lakini umesahau kuwasha. Masizi ya shuleni yanatoka wakati boila ni baridi, nanyi mmeandika mzigo kamili na nusu tu. Wakati wa kuwasha hali inabadilika kila dakika, kwa hiyo kile kipimo cha mara tatu hakitawafaa. Dai kumbukumbu ya mfululizo ya joto, oksijeni na ukolezi wa moshi tangu kiberiti hadi mvuke ufike shinikizo la kazi.

Mlezi wa Boila

Nimeongeza, mkataba umesainiwa leo. Jumatatu saa 10 na nusu alfajiri wanaanza na boila ya makaa. Mwalimu mkuu ametupa chumba kimoja cha kuweka kipimo cha PM2.5, na sahani mbili za kukusanyia vumbi zitakaa kwenye madirisha ya darasa lililo karibu zaidi na ukuta. Nitaleta namba hapa zikitoka.