Vitabu vya kujifunzia programu na kamera: maktaba za umma ziendelee kuvinunua?

Mkutubi: Hoja iliyopo mezani ni hii. Maktaba za shule na za wilaya zina fungu dogo la vitabu. Wapo wanaotaka vitabu vya kujifunza kuandika programu na kupiga picha za kidijitali viondolewe kwenye orodha ya manunuzi, kwa kuwa hupitwa na wakati kabla havijachakaa, na video zimejaa mtandaoni. Wengine wanashikilia kwamba bila kitabu mwanafunzi anabaki kunakili tu. Naomba sababu zenye vielelezo. "Dunia imebadilika" hainisaidii kuandika oda.

FundiMsimbo: Viondolewe, angalau vya Python, lugha ya kuandikia programu, vilivyoko rafuni sasa. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na Python 2 ikaachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, lakini vitabu vya Python 2 bado vinaazimwa. Zoezi la kwanza linamwambia mtoto aandike print "Habari" bila mabano. Kompyuta inakataa. Huyo ana bahati, maana ameonywa. Akifika kwenye kugawanya, kitabu kinasema 5/2 ni 2, mashine inatoa 2.5, na hakuna onyo lolote. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza atajuaje nani mwongo?

Mwl. TEHAMA: Ndugu Fundi, umeeleza ubaya wa kitabu cha zamani, hujaeleza ubaya wa kitabu. Na upya peke yake si dawa. Maabara zenye Windows 7 bado zipo, na toleo la mwisho la Python linalokubali humo ni 3.8. Kitabu kipya kinachotumia match, amri iliyoingia na toleo la 3.10 mwaka 2021, kitagoma vilevile. Anayenunua aanze na mashine: aandike python --version, asome namba, ndipo atafute kitabu. Ikija "haitambuliki", ajue aliyesakinisha hakuweka tiki ya PATH, inayoiambia kompyuta Python iko wapi.

Faida ya kitabu ni kumlazimisha mtu achape mwenyewe na akosee mwenyewe. Chukua zoezi hili:

bei = input("Bei ya kilo: ")
print(bei * 3)

Ingiza 2800. Jibu linalotoka ni 280028002800. Hakuna kosa lililotangazwa, ila sukari imekuwa ghali kuliko nyumba. Sababu ni kwamba input hurudisha maandishi hata ukiandika tarakimu, na maandishi yakizidishwa kwa 3 hurudiwa mara 3. Dawa ni int(input("Bei ya kilo: ")). Kisha mwache aandike 2,800 kwa mkato kama tunavyoandika dukani: programu inaanguka na ValueError, kwa sababu int haipokei mkato. Kitabu kizuri huacha mambo yaharibike hivyo, halafu kinaeleza. Kwenye video anayekosea ni mwenye video, anayejisahihisha ni yeye, wewe unatikisa kichwa tu huku bando linaisha.

FundiMsimbo: Mwalimu, kuchapa ndiyo sawa. Lakini nani anachapa? Wanatafuta PDF, wananakili na kubandika. Alama za kunukuu zinakuja zimepinda, Python haizitambui. Nafasi za mwanzo wa mstari zinapotea, na kwa Python nafasi hizo ndizo zinazosema kipi kiko ndani ya if na kipi kiko nje. Mtu anakaa jioni nzima akilaumu kompyuta.

Mwl. TEHAMA: Umenisaidia. Hiyo ni sababu ya kununua karatasi.

JichoLaLenzi: Mada imetajwa kamera pia, jamani. Upande huu mambo ni tofauti. Kinachozeeka ni kurasa za menyu na ushauri wa ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga: vitabu vya zamani vinaonya usipite 800, ilhali kamera nyingi za leo kwenye 3200 hazina shida. Ila tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO vinapokezana mwanga vilevile. Ukibana tundu kutoka f/4 hadi f/5.6 umepoteza nusu ya mwanga. Ukiurudisha kwa kushusha kasi kutoka 1/250 hadi 1/125, anayecheza ngoma atatoka na mikono yenye ukungu. Afadhali upandishe ISO mara mbili.

Malalamiko yangu ni mifano. Somo la vitu vyeupe vitabu vya nje hulifundisha kwa theluji. Hapa kwetu somo hilo ni bwana harusi na wapambe wake, wote na kanzu. Kipimamwanga cha kamera hukichukulia kila kinachokiona kama kijivu cha wastani, hivyo kanzu zinatoka za kijivu na nyuso zinazama gizani. Ongeza fidia ya mwanga hadi +1, piga, tazama histogramu, mchoro wa mwanga wa picha kutoka giza kushoto hadi weupe kulia. Ikirundikana kwenye ukingo wa kulia, nyuzi za kanzu zimeshapotea, rudi +0.7. Wakiingia akina mama wenye mabuibui, geuza: anza na -0.7, na uso ndio uwe kipimo, si nguo.

Mkutubi: Na wanaovitoa kopi stesheneri?

JichoLaLenzi: Sura ya histogramu inasomeka hata kwa kopi nyeusi na nyeupe. Sura ya urari wa rangi itupe. Huwezi kumwonyesha mtu tofauti ya taa ya njano na kivuli cha mwembe kwa wino mweusi.

FundiMsimbo: Basi kamera nunueni. Kwa programu nakubali sharti moja tu: toleo liandikwe kwenye oda, kama mwalimu alivyosema. Na maelezo yawe ya Kiswahili. Python 3.8 ina maneno 35 tu yaliyohifadhiwa, hayo yabaki kama yalivyo, yanakaririka. Kinachomkwamisha mtoto ni aya tatu za Kiingereza zinazoeleza while, neno la kurudia kazi.

Mwl. TEHAMA: Kiswahili, sawa. Ila ujumbe wa makosa utakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo kitabu kisicho na ukurasa wa kuueleza SyntaxError, NameError, TypeError na IndentationError mmoja mmoja mimi sitakipitisha, hata kikiandikwa kwa ushairi.

FundiMsimbo: Kabla ya kulipa, mtu achape mazoezi ya sura tatu za mwanzo kwenye mashine ya hapohapo. Mkutubi, kazi hiyo atapewa nani?