outer, Vectorize au expand.grid: ipi inafaa kwa kila jozi ya vekta mbili?

karani_takwimu
Wakuu, natumia R (lugha ya programu ya takwimu) kutengeneza jedwali la marejesho ya kila mwezi kwa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi. Mkopo unaozidi milioni moja hutozwa asilimia 1.5.

```
mikopo <- c(500000, 1000000, 2000000)
miezi <- c(6, 12, 18, 24)
rejesho <- function(m, n) {
  r <- if (m > 1e6) 0.015 else 0.02
  m * r / (1 - (1 + r)^-n)
}
outer(mikopo, miezi, rejesho)
```

R inagoma, ikisema sharti lina thamani zaidi ya moja: `the condition has length > 1`. Lupu mbili zinafanya kazi, ila ninyi mnatumia njia gani?

pwani_data
Mkuu, tatizo si `outer`, ni hiyo `if`. Wengi tunadhani `outer` huita funksheni mara 12, jozi baada ya jozi. Sivyo. Huiita mara moja tu, na kuipa vekta (orodha za thamani) mbili zenye urefu wa 12 kila moja, kisha majibu huyapanga kuwa matriksi ya 3 kwa 4. `if` inataka TRUE au FALSE moja. Weka `ifelse`, inayokagua kila thamani: `ifelse(m > 1e6, 0.015, 0.02)`.

Na ushukuru imegoma! Kabla ya R 4.2.0 hilo lilikuwa onyo tu: ingeangalia mkopo wa kwanza, 500000, na kuwatoza wote asilimia 2. Aliyekopa milioni mbili kwa miezi 24 angeandikiwa 105,742 kwa mwezi badala ya 99,848.

dada_wa_R
Au iache funksheni ilivyo, na `Vectorize` iiite jozi baada ya jozi: `outer(mikopo, miezi, Vectorize(rejesho))`. Hunifaa pale ambapo funksheni imeandikwa na mtu mwingine.

pwani_data
Sawa dada, ila `Vectorize` kwa ndani ni `mapply`, inayoita funksheni jozi moja moja, kwa hiyo kasi yake ni ileile ya lupu. Jozi 12 si kitu; zikifika milioni utasubiri.

fundi_namba
Mimi matriksi hainifai, kwa sababu baadaye lazima nichuje na kuchora. Natumia:

```
j <- expand.grid(m = mikopo, n = miezi)
j$rejesho <- mapply(rejesho, j$m, j$n)
```

Kila jozi ina mstari wake, na ikija vekta ya tatu unaiongeza hapohapo. Angalizo: `expand.grid` huzungusha vekta ya kwanza haraka zaidi, ilhali `expand_grid` ya kifurushi cha tidyr huzungusha ya mwisho. Niliwahi kubandika majibu ya moja kwenye jedwali la nyingine. Namba zote zilikuwa sahihi, ila kila moja imekaa kwa mtu asiye wake. Siku nzima niliitafuta hitilafu.

karani_takwimu
Asanteni sana. Nimeweka `ifelse` na kubaki na `outer`, maana jedwali linabandikwa ukutani. Milioni moja kwa miezi 12 imetoa 94,560, sawa na nilivyopata kwa kikokotoo.