Programu ya C# inachelewa kuwaka: niigeuze kabisa kuwa lugha ya mashine au nibaki na msimbo wa kati?

mwana_uyole
Habari za jioni wakuu. Nipo Mbeya, Uyole, nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa. Nimeandika programu kwa C# ya kupokelea kahawa kwenye chama cha msingi kimoja huko Mbozi, mkulima analeta mzigo, karani anapima, programu inaandika kilo inatoa risiti, basi. Kwangu hapa inawaka fasta. Kule wana laptopu ya siku nyingi, RAM GB 4, diski ile ya kuzunguka siyo SSD, betri ilishakufa, kwahiyo umeme ukikatika mashine nayo inazima na ukirudi programu inakaa kama sekunde 17 ndo dirisha linatokea, na hapo wazee wamepanga foleni na magunia tangu alfajiri. Karani ananipigia simu nasikia kelele za watu nyuma yake, inaniuma kwa kweli.

Nimesoma kwamba C# inageuzwa kwanza kuwa msimbo wa kati, halafu programu ikiwashwa ndo unatafsiriwa kuwa lugha ya mashine palepale. Sasa kwa nini tusipeleke faili lililokwisha kugeuzwa kabisa kama la C? Na nikifanya hivyo kazi ya kusafisha memori, yaani kuachia nafasi isiyotumika tena, itanirudia mimi? Natumia WinForms (maktaba ya Microsoft ya kutengeneza madirisha) juu ya .NET 8, yaani mfumo unaoendesha C#. Kuna jamaa kaniambia niandike upya kwa C++, msimu uko mlangoni siwezi.

fundi_mafinga
Usiandike upya chochote mkuu. Kuna Native AOT, inageuza C# yote kuwa lugha ya mashine kabla hujaipeleka kwa mteja; unaweka PublishAot kwenye faili la projekti unapata exe moja inawaka hapo hapo. Mimi nilifanya kwa programu ndogo ya kuhesabu mbao, ya dirisha jeusi la maandishi tu, inawaka kabla hujatoa kidole kwenye Enter.

dada_gangilonga
Kamwene wote. Kaka fundi yuko sawa kwa programu ya dirisha jeusi ila WinForms bado haimo kwenye vitu ambavyo Native AOT inavikubali rasmi, kwahiyo mwana_uyole atapoteza siku nzima anapambana na makosa.

Nianze na hofu ya memori maana naiona kwa vijana wengi ninaowafundisha hapa Iringa. Mambo mawili yamechanganywa. Kusafisha memori ni jambo moja, kutafsiri msimbo mapema au baadaye ni jambo jingine kabisa. Ukigeuza C# kwa Native AOT yule msafishaji wa memori anafungashwa ndani ya exe pamoja na msimbo wako, anafanya kazi vilevile. Angalia lugha ya Go, tangu itoke 2009 inageuzwa moja kwa moja kuwa lugha ya mashine na memori inajisafisha, hakuna anayefanya kwa mkono.

Kwa nini msimbo wa kati sasa. Wazo ni la zamani, Pascal ya chuo kikuu cha San Diego ilikuwa nao miaka ya 1970, Java ikaja nao 1995, .NET 2002. Faida ya kwanza faili moja linaenda kwenye Intel na kwenye ARM bila kuligusa. Ya pili ndo watu wanaisahau: mtafsiri aliyeko kwenye mashine ya mteja anaijua prosesa yenyewe iliyopo hapo, na anaona kazi ipi inaitwa mara nyingi. .NET inatafsiri harakaharaka mara ya kwanza ili programu iwake, halafu kipande kikishaitwa mara 30 inakirudia kwa nyuma kukitafsiri kwa umakini zaidi. Aliyetafsiri yote ofisini kwake Uyole hawezi kujua kule Mbozi karani anabonyeza nini kutwa nzima.

Na mfano mzuri tumeushika wote mkononi. Android ya zamani ilikuwa inatafsiri programu zikiwa zinatembea. 2014 ilipotoka Android 5.0 wakaamua kila programu igeuzwe yote wakati wa kuiweka kwenye simu. Zikawa zinafunguka vizuri, lakini kuweka programu kukawa kurefu, nafasi ikaliwa, na ukiapdeti simu unakaa unaangalia inahesabu programu moja moja mpaka chai inapoa. 2016 kwenye Android 7.0 wakarudi katikati: inaanza kwa kutafsiri papo hapo, inakumbuka vipande unavyotumia sana, halafu usiku simu ikiwa kwenye chaji inavigeuza hivyo tu. Mimi hili huwa nalipenda sana maana linaonesha hakuna upande ulioshinda.

Kwako wewe jaribu ReadyToRun. Unapublish kwa PublishReadyToRun, DLL zako (mafaili yenye msimbo wa programu) zinabeba msimbo wa kati pamoja na msimbo wa mashine uliokwisha tayarishwa, inawaka na huo wa tayari halafu vipande vinavyotumika sana bado vinatafsiriwa upya vizuri. WinForms inakubali. Gharama yake faili linanenepa, DLL inaweza kufika mara mbili hadi tatu ya ilivyokuwa.

kijana_soweto_mby
Dada samahani nidakie hapo, na wizi je? Nasikia msimbo wa kati mtu anaufungua anasoma kila kitu

dada_gangilonga
Ni kweli mdogo wangu, DLL ya C# ukiifungua na ILSpy, kifaa cha kurudisha msimbo wa kati kuwa C#, unaona karibu kama ulivyoandika. Lugha ya mashine ni ngumu zaidi kusoma ila inasomeka kwa anayejua. Nenosiri la database usiliweke ndani ya programu kwa namna yoyote ile.

mzee_wa_tukuyu
Vijana hongereni kwa mjadala, nina neno moja. Kabla ya yote mwana_uyole umepima hizo sekunde 17 zinaliwa na nani? Maktaba za .NET zenyewe zinakuja zimeshageuzwa kuwa lugha ya mashine, zinazotafsiriwa pale ni zako na zile ulizopakua za watu wengine. Programu ya kupokea kahawa ina msimbo kiasi gani mpaka utafsiriwe sekunde 17? Mimi siamini. Weka saa mwanzoni mwa Main, weka nyingine dirisha linapotokea, na nyingine kila unapogusa database. Diski ya kuzunguka ikitoka kuwashwa Windows yenyewe inaigombania, antivirus nayo inaigombania, wewe ukija na kusoma faili kubwa unasubiri zamu yako. Tafsiri haiwezi kukuponya hapo. Na angalia hujawapelekea Debug (toleo la kutafutia makosa) badala ya Release (toleo la kupeleka kwa mteja), nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

mwana_uyole
Shikamoo mzee, dada asante sana. Nimerudi jana kutoka Mbozi nimeona nije niseme. Release ilikuwa sawa. Nimeweka ReadyToRun ikashuka toka 17 mpaka kama 11, nikafurahi, halafu nikaweka saa kama mzee alivyosema nikakuta kabla ya dirisha napakia risiti zote za misimu mitatu kwenye memori ili karani akitafuta jina lije haraka. Niliandika hivyo mwaka wa kwanza risiti zikiwa chache. Nimehamisha, sasa dirisha linatokea kwanza na linapakia msimu huu tu, za nyuma zinakuja akiziomba. Imefika sekunde 4 kwenye mashine ileile, tumezima na kuwasha mara tano mbele ya karani.

Sasa nina kiprogramu kingine cha pembeni hakina dirisha, kinatuma kilo za siku makao makuu intaneti ikipatikana. Hicho nataka nikijaribu na Native AOT kama fundi_mafinga alivyosema. Kinasoma JSON (data iliyoandikwa kama maandishi) kwa refleksheni, yaani programu inajichunguza yenyewe ikiwa inatembea, itaniletea shida?

dada_gangilonga
Itakuletea. Kompaila ikiona kitu hakiitwi moja kwa moja inakikata, na refleksheni inakuja kukitafuta baadaye haikikuti. Tumia source generator ya System.Text.Json, inaandika msimbo wa kusoma JSON wakati wa kubuild. Maonyo yakitokea ukipublish usiyapite, soma moja moja, ukikwama yabandike hapa. Na kama mashine kitakapotembea inatumia Linux ukibuildie kwenye Linux, kutoka Windows hakivuki.