Mrejesho: king'ora cha Coaster ya shule sasa kinalia

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini king'ora cha kumkumbusha dereva akague watoto kinalia "pii" moja tu kisha kimya, na relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) imeungua mara mbili. (Japani vifaa hivi ni lazima kwenye mabasi ya chekechea tangu Aprili 2023, gari letu lilitoka huko kabla.)

Aliyesema nipime betri ndiye aliyepatia. Coaster hii ya dizeli ni volti 24, fundi alifunga relei za volti 12, zilezile za Hiace. Iliyoungua ninayo mkononi, plastiki imevimba kama andazi. Halafu umeme aliuchukua kwenye swichi ya ufunguo. Ukizima gari, king'ora nacho kinakufa, na ndipo kinapotakiwa kulia!

Sasa umeme wa king'ora unatoka betri moja kwa moja kupitia fyuzi. Waya wa swichi unaishika relei tu; ukizima gari, relei inaachia, kelele zinaanza. Relei ya pili inakinyamazisha king'ora dereva akibonyeza kitufe, na inajishikilia mpaka gari liwashwe tena. Inakula umeme kidogo, hivyo likizo ndefu tunachomoa fyuzi, na matroni ndiye anayeirudisha.

Kitufe nimekihamisha kutoka mlangoni hadi siti ya mwisho kabisa. Dereva alinuna siku mbili. Alhamisi akakuta sweta na kiatu kimoja chini ya siti ya nyuma. Mtoto alishashuka, lakini tangu hapo dereva anakwenda nyuma mwenyewe, hamtumi kondakta.