Wanafunzi wanaozungumza Kichina na maneno "concomitant", "attendant", "ensuing": nianzie wapi?

mwalimu_wa_jioni
Wakuu, nafundisha Kiingereza cha kitaaluma kwa watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kichina. Bidii yao inanipa moyo sana. Wanapokwama ni kwenye kueleza athari inayokuja pamoja na jambo jingine. Mmoja kaandika "The city grew, with subsequent noise", akimaanisha kelele zilizoletwa na kukua huko. Mwingine: "Fever is accompanied with rash." Orodha zao za maneno zinafasiri "concomitant", "attendant" na "ensuing" karibu sawasawa: bànsuí de au suí zhī ér lái de. Nafafanua, wanaelewa, insha inayofuata wanarudi palepale. Anayejua Kichina anisaidie, kinachowakwamisha hasa ni nini?

Mkalimani
Mwalimu, itazame hiyo suí. Maana yake ni kufuata. Imo katika bànsuí, kuandamana. Imo katika suíhòu, baadaye. Imo katika suí zhī ér lái, yanayokuja kwa kufuata hayo. Hata ule mwanzo wa insha ambao bila shaka umeuzoea, "With the development of society", umetoka kwenye suízhe. Basi mwanafunzi ana kufuata kwa namna moja, halafu Kiingereza kinamdai achague: mambo yametokea kwa pamoja, moja limekuja baada ya jingine, au moja limelileta jingine?

Nasi tunayo hiyo. Ukisema "kufuatia mvua kubwa, barabara imefungwa", hujatenganisha wakati na sababu, na hakuna anayekuuliza.

"Subsequent" ni wakati tu. "Consequent" ni sababu. "Ensuing" huja baada ya jambo na mara nyingi kwa ajili yake, kama "the ensuing panic". "Concomitant" ndiyo inayohitaji utulivu, maana inasema tu kwamba mambo yanakwenda pamoja. Watafiti wa tiba huita "concomitant medication" dawa ambazo mgonjwa anaendelea kuzitumia wakati dawa nyingine inajaribiwa. Hapo hakuna aliyedai kwamba moja imeleta nyingine.

Mimi ningeacha kabisa kuwapa visawe. Wape matukio mawili, waulize: lipi lilitangulia? Je, ndilo lililoleta la pili? Wakishajibu kwa lugha yoyote, ndipo walitafute neno.

mhariri_mstaafu
Naunga mkono, na naongeza "attendant". Mara nyingi huandamana na mambo mazito: "attendant risks", "war and its attendant miseries". Hili watalishika haraka kwa sababu Kichina kimewazoesha: hòuguǒ kwa kawaida ni matokeo mabaya, xiàoguǒ aghalabu ni mazuri, jiéguǒ iko katikati.

Vihusishi wavikariri pamoja na neno, hakuna njia ya mkato: "concomitant with" likiwa kivumishi, "a concomitant of" likiwa nomino, "consequent on", "accompanied by". Mkazo wa "concomitant" uko kwenye silabi ya pili, com.

mwalimu_wa_jioni
Asanteni sana. Kuhusu "accompanied by", wengine wanageuza kabisa: upele unakuwa jambo kuu na homa inakuwa ya kando. Nalo ni la suí?

Mkalimani
Hapana, hilo ni la mwelekeo. Bànsuí inaweza kuanza na lolote kati ya hayo mawili, na kitenzi hakibadiliki umbo. Hata "homa iliambatana na upele" yetu ukiigeuza, "upele uliambatana na homa", bado inasimama. Kiingereza kina msimamo: katika "fever accompanied by a rash", homa ndiyo mwenye msafara na upele ni mfuasi. Ukisema "fever and the accompanying rash", cheo ni kilekile ingawa umbo limegeuka. Waandikishe sentensi hizo mbili, wapigie mstari jambo kuu katika kila moja, kisha wabadilishe wenyewe: mafuriko na maporomoko, mgomo na uhaba, ujenzi na vumbi. Na kwenye jozi ya ujenzi na vumbi waulize pia kama "consequent" ingefaa, kwa sababu hapo sababu ipo wazi.