Blackhawks: kombe halijapoa, timu imeshagawanywa. Nani atawajibika?

Wakuu, mimi shabiki wa Chicago Blackhawks, timu ya hoki ya barafuni ya ligi ya NHL, sijalala. Vancouver wametutoa jana usiku, Aprili 26, 2011, mechi ya 7 na ya mwisho ya raundi ya kwanza ya mtoano, 2-1 kwenye muda wa nyongeza. Campoli wetu kapoteza kisahani (ndicho mpira wa hoki), Burrows wao kakinasa, kaachia kombora, msimu umekwisha. Tangu usiku watu wanamtukana Campoli na mimi nasema mnamwonea. Sisi tulifungwa ofisini, kiangazi kilichopita.

Juni 9, 2010 Kane wetu anafunga kule Philadelphia, Kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi, linarudi Chicago baada ya miaka 49. Wiki mbili tu baadaye mshambuliaji wetu Byfuglien anapelekwa timu ya Atlanta. Byfuglien! Mabao 11 kwenye mtoano, pande la mtu la zaidi ya kilo 110, akisimama mbele ya kipa hakuna wa kumsogeza. Na kwa sisi weusi, ambao ukumbini tunahesabika kwa vidole, yule alikuwa wetu. Sopel na Eager wakaondoka naye. Ladd naye Atlanta, na huko wamempa unahodha. Versteeg, Madden, Burish, Fraser, wote hawapo.

Najua mtaniletea habari za ukomo wa mishahara ya timu nzima. Ndiyo, msimu huu wa 2010-11 ligi iliweka dola milioni 59.4 na huruhusiwi kuzidisha. Lakini nani alimpa beki Campbell mkataba wa miaka 8 kwa zaidi ya milioni 7 kila mwaka? Nani alimpa kipa Huet milioni 5.6 kwa mwaka, akanyang'anywa namba, na sasa yuko Uswisi anadakia timu nyingine? Na ile aibu ya 2009, barua za ofa za mikataba za kuwabakiza vijana zilipotumwa zimechelewa, ikabidi wapewe mishahara minono wasije wakaondoka bure! Kazi ya karani tu, jamani, na gharama yake tumeilipa kwa wachezaji.

Linaloniuma kuliko yote ni Niemi. San Jose walimrushia beki wetu Hjalmarsson ndoano, ofa ya mkataba wa milioni 14 kwa miaka 4, tukalipa sisi kiasi hicho hicho ili abaki. Sawa. Msuluhishi wa mishahara akasema Niemi, kipa aliyetupa kombe, alipwe milioni 2.75. Uongozi ukasema hapana, aende. Akaenda wapi? San Jose hao hao, na juzi kawavusha raundi ya kwanza. Sisi tukamleta kipa Turco, akaishia benchi. Bila kipa mwingine, Crawford, tungekuwa tumezikwa mapema.

Matokeo yake mabingwa watetezi tumeingia mtoano kwa kudra za wengine. Siku ya mwisho tunafungwa 4-3 na Detroit, nyumbani kwetu, kisha tunakodolea macho TV tukiomba Minnesota wamfunge Dallas, tuliyekuwa tunagombea naye nafasi. Walimfunga. Nilishangilia, na nikaona uchungu kwamba nashangilia kitu kama kile.

Wachezaji sina neno nao kabisa. Walikuwa nyuma kwa mechi 0-3 mbele ya Vancouver, timu bora ya ligi msimu huu, wakashinda 7-2, 5-0, 4-3. Jana nahodha wetu Toews kasawazisha zimebaki chini ya dakika 2, tena tukiwa pungufu mtu mmoja. Kikosi kile cha mwaka jana kingekuwepo, mechi ya 7 isingefika.

Nataka uongozi utoke hadharani useme ile mikataba nani aliisaini, na kiangazi hiki nani anafuata kuuzwa. Anayekuja hapa kumtetea bosi aje na majibu ya hayo mawili. Habari za Campoli sizitaki.